Kaboni Dioksaidi ya Ngozi Inapotofautiana na ya Damu: Utatuzi wa Matatizo ya Kihisi

Monita iliyo kando ya kitanda, inayopokea kipimo kutoka kwenye kihisi kilichobandikwa juu ya ngozi, inaonyesha kwamba kaboni dioksaidi ya mgonjwa ni milimita za zebaki (mmHg) 62, na dakika kumi baadaye maabara inaleta jibu la damu ya ateri lililoandikwa 47. Wodini swali la kwanza huwa ni kipi kati ya viwili hivi kimekosea, na mara nyingi kihisi cha ngozi ndicho kinachobebeshwa lawama, kwa kuwa watu huona kwamba damu haiwezi kubishiwa. Kwa miaka niliyofanya kazi ya uuguzi katika wodi ya watoto wachanga mahututi nimeona kwamba tofauti ya namna hii ina mahali patatu pa kutokea, yaani chombo chenyewe, ngozi kilipobandikwa, na sampuli ya damu tunayolinganisha nayo, na kwamba kila mahali huacha alama zake kwa anayejua pa kutazama. Maelezo yanayofuata yanaanza na dalili inayoonekana kwenye monita, kisha yanarudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Namba inatoka wapi

Kihisi hiki, ambacho ukubwa wake haupiti kifungo cha koti, hakigusi damu hata kidogo. Kinachopima ni gesi iliyotoka kwenye kapilari ikapenya ngozi hadi juu. Ndani yake mna elektrodi ya kioo inayopima pH, yaani kiwango cha uasidi, iliyozungukwa na maji machache ya elektroliti yenye bikabonati, na juu ya maji hayo umetandazwa utando unaopitisha gesi. Kaboni dioksaidi ikishapita kwenye utando huungana na maji na kuwa asidi ya kaboni, pH hushuka, na monita huigeuza pH hiyo kuwa milimita za zebaki. Wazo hilo lilitolewa na Richard Stow huko Ohio, Marekani, mwaka 1954, na John Severinghaus akaliimarisha miaka michache baadaye kwa kuongeza bikabonati. Mashine za maabara zinazopima gesi za damu hutumia elektrodi ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo tunapolinganisha ngozi na damu tunalinganisha vipimo viwili vya ukoo mmoja vilivyochukuliwa mahali tofauti.

Ili ngozi ipitishe gesi ya kutosha, kihisi huipasha joto, kwa kawaida kati ya nyuzi 41 na 44 za Selsiasi, mishipa midogo hutanuka na damu ya ateri hufurika mahali pale. Lakini joto lina gharama mbili. Kila nyuzi moja juu ya 37 huongeza kaboni dioksaidi kwa takriban asilimia 4.5, na seli za ngozi yenyewe, ambazo nazo zinapumua, huongeza karibu 5 mmHg. Mgonjwa ambaye damu yake ina 40 husomeka juu ya 50 kwenye elektrodi iliyopashwa joto hadi nyuzi 42, na ni programu ya monita inayoondoa ziada hiyo kabla ya kuandika namba kwenye kioo. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu wengi hudhani wanasoma kipimo ghafi, ilhali wanasoma matokeo ya hesabu, na hesabu ikipewa joto lisilo sahihi au marekebisho yakizimwa kwenye mipangilio, namba itapotoka hata kama utando ni mpya na ngozi ni nzima.

Tofauti kiasi gani ihesabiwe kuwa tatizo

Kaboni dioksaidi ya kawaida katika damu ya ateri ni 35 hadi 45 mmHg, na vitengo vingi huvumilia tofauti isiyozidi 7.5 mmHg kati ya ngozi na damu, ambayo ni sawa na kilopaskali moja. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa katika jarida la Thorax mwaka 2019 yalionyesha kwamba tofauti hiyo, ikichukuliwa kwa wastani, ilikuwa karibu na sifuri, lakini mipaka ya makubaliano, yaani upana ambamo tofauti nyingi huangukia, kwa vipimo vya mtu mmoja mmoja ilikuwa mipana, kuanzia 15 chini hadi 15 juu. Maana yake kazini ni hii: huwezi kumbandika mgonjwa kihisi, ukasoma 48, ukaandika kwenye faili kwamba kaboni dioksaidi yake ni 48 kana kwamba umetoa damu. Unachoweza kukiamini kwa kiasi kikubwa ni mwelekeo, yaani kama inapanda au inashuka tangu saa iliyopita, na hata mwelekeo huo unahitaji sampuli moja nzuri ya damu ya kuufunga mahali pake.

Kwa mtoto njiti jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kaboni dioksaidi ikishuka mno, mishipa ya damu ya ubongo hubana na sehemu nyeupe ya ubongo inaweza kudhurika. Ikipanda mno, au ikipanda na kushuka kwa kasi, hatari ya kuvuja damu ndani ya ubongo huongezeka. Anayegeuza mipangilio ya mashine ya kupumulia kwa kufuata namba yenye kosa la 12 anaweza kumpeleka mtoto upande mmoja wa hatari hizo huku akiamini kwamba anamwondoa upande wa pili.

Kabla ya yote: mgonjwa, kisha kituo cha kalibresheni

Namba ikikutia shaka, mtazame mgonjwa kwanza. Je, kifua kinainuka sawasawa pande zote mbili? Je, bomba la hewa limeziba kwa makamasi, limetoka, au limeingia upande mmoja tu wa mapafu? Ni kosa kubwa kuanza kuchezea kihisi huku mgonjwa hapumui vizuri, na nimeona kosa hilo likifanywa na watu wenye bidii, kwa sababu tu walikuwa wamezoea kihisi kinachosumbua.

Mgonjwa akiwa salama, kipo kipimo kimoja kinachogawa tatizo katikati. Bandua kihisi, kifute, kirudishe kwenye kituo chake cha kalibresheni, na uache kisome gesi ambayo kiwango chake kinajulikana. Kikisoma sawasawa, au kwa tofauti ya mmHg mbili hivi, chombo hakina hatia na kosa umeliacha kwenye ngozi au kwenye sampuli ya damu. Kikisoma vibaya, usipoteze muda kutafuta mahali pengine pa kukibandika, kwa maana kosa utalibeba popote utakapokwenda. Kazi yote ni ya dakika chache, na bado ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote.

Dalili: namba imeshuka ghafla

Usiku mmoja mtoto wa gramu 1,200 aliyekuwa kwenye mashine ya kupumulia alionyesha 52, kisha 40, kisha 21, yote ndani ya dakika tatu. Daktari wa zamu alikuwa ameshanyoosha mkono ili apunguze nguvu ya mashine. Nilimwomba asubiri kidogo, nikawasha tochi na kuinama karibu na kifua cha mtoto. Ukingo mmoja wa pete ya gundi ulikuwa umeinuka, nafasi isiyozidi upana wa uzi, na chini yake ulikuwa unang'aa unyevu wa inkubeta uliojipenyeza na kuilegeza gundi. Nilibandua, nikakausha ngozi kwa pamba, nikaweka pete mpya na tone moja la maji ya kugusanishia, yanayojaza nafasi kati ya ngozi na kihisi, na baada ya robo saa namba ilikuwa imerudi 51. Kaboni dioksaidi ya mtoto haikuwa imebadilika hata kidogo.

Sababu ni kwamba hewa ya chumbani karibu haina kaboni dioksaidi, si zaidi ya sehemu ndogo ya mmHg moja, kwa hiyo ufa mdogo kabisa unatosha kuivuta namba kuelekea sifuri. Kama kihisi chako hupima pia oksijeni ya ngozi, ushahidi ni wa wazi zaidi, kwa sababu wakati kaboni dioksaidi inaporomoka oksijeni hupanda kuelekea 150 mmHg, ambacho ni takriban kiwango cha hewa ya kawaida usawa wa bahari. Namba mbili zinazokwenda pande tofauti kwa kasi ya namna hiyo ni hewa imeingia chini ya kihisi. Mgonjwa anayepumua kupita kiasi hushusha kaboni dioksaidi pia, lakini oksijeni ya ngozi yake hairuki hivyo, na kushuka kwenyewe huchukua muda.

Gundi hulegea kwa jasho, nywele, unyevu na mafuta. Hili la mafuta linatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki, kwani mtoto wetu akishaogeshwa hupakwa mafuta ya nazi au mafuta ya mgando mwili mzima, na mama anayefanya hivyo anamtunza mwanawe kama alivyotunzwa yeye. Usimkaripie. Mwambie, "Mama, leo naomba hapa kifuani tusipake, kifaa hiki kinahitaji ngozi kavu," kisha mwonyeshe mahali penyewe kwa kidole. Ngozi iliyokwisha kupakwa isafishwe taratibu na iachwe ikauke kabisa kabla ya pete kuwekwa. Kwa mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki chache usisugue, kwa sababu ngozi yake huchubuka kwa urahisi na hiyo gundi yenyewe inaweza kuondoka na tabaka la juu.

Dalili: namba inapanda na mgonjwa haonekani kubadilika

Hapa chanzo cha kwanza cha kufikiria bado ni kwamba namba ni ya kweli. Mgonjwa aliyepewa mofini, au mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu aliyewekewa oksijeni nyingi, anaweza kujaza kaboni dioksaidi taratibu huku oksijeni yake ya kidoleni ikibaki asilimia 97, na ni kwa ajili ya mtu kama huyo ndipo kihisi hiki kina thamani yake. Usiseme kwamba chombo kimekosea kwa sababu tu kipima oksijeni hakijalalamika.

Ikiwa damu imeonyesha kwamba kweli ngozi inasoma juu, geukia mzunguko wa damu. Kihisi huamini kwamba damu inapita kwa wingi chini yake. Shinikizo la damu likishuka, au mgonjwa akiwa kwenye dawa zinazobana mishipa kama noradrenalini, au akiwa amevimba maji mwili mzima, au akiwa na baridi, gesi inayotengenezwa na ngozi haichukuliwi na damu bali hubaki pale pale, na namba hupanda juu ya ile ya ateri. Bonyeza ngozi karibu na kihisi kwa sekunde chache, achilia, na uhesabu: rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu, usitegemee namba ya ngozi mpaka mzunguko utengenezwe. Baadhi ya monita huonyesha pia nguvu inayotumika kupasha joto. Damu inayopita huondoka na joto, hivyo nguvu hiyo ikipungua wakati kaboni dioksaidi inapanda, na joto la chumba halijabadilika, mambo mawili yanakueleza habari moja, kwamba damu imepungua chini ya kihisi. Kwa mgonjwa wa namna hii tofauti inayokua kati ya ngozi na damu haipaswi kutupwa kama hitilafu, kwa kuwa yenyewe ni dalili ya ugonjwa. Nimewahi kuiona ikitangulia kushuka kwa shinikizo la damu kwenye kioo.

Kuna sababu nyingine nyepesi zaidi, nayo ni uzito. Mtoto amegeuzwa akalalia kihisi, au mtu mzima amelala ubavu na bega limekigandamiza, na kapilari za chini yake zimebanwa. Mgeuze, subiri dakika tano, namba itashuka. Mahali penyewe pa kubandika pawe na nyama laini, ngozi nyembamba na damu ya kutosha: kwa mtoto mchanga juu ya kifua, tumboni pembeni au ndani ya paja, kwa mtu mzima chini ya mtulinga, kwenye paji la uso au kwenye ndewe ya sikio ikiwa kihisi kimetengenezwa kwa ajili hiyo. Epuka mfupa, kovu na mshipa mkubwa unaoonekana.

Dalili: tofauti na damu iko pale pale siku nzima

Tofauti isiyobadilika, tuseme ngozi iko juu ya damu kwa 9 asubuhi, mchana na jioni, ndiyo inayohitaji uvumilivu kuliko zote, na hapa ndipo nashauri sampuli ya damu ichunguzwe kwa ukali ule ule tunaoutumia kwa kihisi.

Anza na vizio. Mashine ya maabara inaweza kuwa inaandika kilopaskali na monita inaandika mmHg, 6.0 na 45 ni kitu kimoja, kwa kuwa kilopaskali moja ni mmHg 7.5. Kisha uliza damu ilitoka wapi. Damu ya vena huwa na kaboni dioksaidi zaidi ya ile ya ateri, kwa kawaida kwa mmHg 4 hadi 6 na kwa mgonjwa mwenye mzunguko dhaifu zaidi ya hapo, na sindano iliyokusudiwa ateri wakati mwingine huishia kwenye vena bila aliyeichoma kujua. Damu ya kisigino inafaa tu ikiwa kisigino kilipashwa joto na damu ikatoka yenyewe bila kukamuliwa.

Uliza pia damu ilishughulikiwaje. Kiputo cha hewa kilichobaki kwenye sirinji huivuta gesi na kushusha kipimo. Heparini ya maji, dawa ya kuzuia damu isigande, ikizidi huipunguza damu nguvu na kushusha kaboni dioksaidi vilevile, ndiyo maana sirinji zenye heparini kavu ni bora. Kuchelewa hufanya kinyume, kwa sababu seli za damu zinaendelea kutumia oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi ndani ya sirinji, na sampuli iliyokaa dirishani zaidi ya nusu saa ikisubiri mtu wa kuipeleka maabara haifai kuhukumia kifaa chochote. Na muda wa kulinganisha ni jambo ambalo karibu kila mtu hulikosea: jibu linaporudi, muuguzi hutazama monita wakati huo na kuandika tofauti, ilhali mgonjwa wa sasa si yule wa dakika ishirini zilizopita. Mtoto aliyechomwa sindano hulia, hushikilia pumzi, na kaboni dioksaidi yake hubadilika ndani ya dakika moja. Andika namba ya ngozi pale damu inapoingia kwenye sirinji, na uandike tena dakika mbili baadaye, kwa sababu ngozi na kihisi huifuata damu kwa kuchelewa kiasi hicho.

Mgonjwa anayepozwa kwa makusudi, kama mtoto mchanga aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa na akashushwa joto la mwili hadi nyuzi 33.5, ana mtego wa peke yake. Maabara inaweza kutoa jibu kana kwamba damu ina nyuzi 37, au inaweza kulirekebisha kwa joto halisi la mgonjwa. 45 ya jibu la kwanza huwa karibu 39 katika la pili. Damu ni ile ile na tofauti ni ya hesabu tupu. Chagueni njia moja kitengoni, na muilinganishe na mpangilio wa monita kabla ya kumtilia shaka mtu au kifaa.

Sampuli ikiwa safi na tofauti ikabaki, rudi kwenye kalibresheni, na hasa kwenye mgandamizo wa hewa. Gesi ya kalibresheni hujulikana kwa asilimia, mara nyingi asilimia 5 ya kaboni dioksaidi, na asilimia hugeuka mmHg kwa kuzidishwa na mgandamizo wa hewa wa mahali ulipo. Dar es Salaam, palipo karibu na usawa wa bahari, asilimia 5 ya 760 ni 38. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na mgandamizo wake ukiwa karibu 625, asilimia 5 ile ile ni 31 tu. Monita nyingi za kisasa zina barometa ndani na hulifanya hili zenyewe, lakini barometa ikiharibika, au mtu akiwa ameingiza namba ya pwani kwenye kifaa kinachotumika mlimani, gesi ya 31 itaitwa 38, na mgonjwa mwenye 40 atasomeka karibu 49. Kituo cha kalibresheni chenyewe hakitakuonya, kwa sababu kinatumia mgandamizo ule ule wenye kosa. Hii ni hali mojawapo ambamo kile kipimo cha kugawa tatizo nilichokisifu hapo juu kinaweza kukupotosha. Fungua ukurasa wa mipangilio, soma mgandamizo uliomo, na uulinganishe na ule unaosomwa na mashine ya gesi za damu. Kwa hospitali za nyanda za juu, kuanzia Mbeya hadi Eldoret na Kigali, ningependa ukaguzi huu uwe sehemu ya mapokezi ya kila kifaa kinachowasili au kinachorudi kutoka kwa fundi.

Monita nyingine humruhusu mtumiaji kuingiza jibu la damu ili namba ya ngozi isogezwe ilingane nalo. Ni msaada mzuri pale ambapo sampuli ni ya kuaminika na mgonjwa ametulia. Lakini nawasihi wenzangu wasiutumie kwa haraka, kwani anayesogeza namba kwa kufuata sampuli yenye kiputo ameingiza kosa la dakika moja kwenye vipimo vya saa nane zijazo, na wa zamu inayofuata hataliona isipokuwa limeandikwa. Andika saa, namba ya kabla na namba ya baada, na ufute marekebisho hayo kila unapohamisha kihisi au kubadilisha utando.

Dalili: namba inateleza polepole

Katika uchunguzi wa usingizi kihisi hukaa mahali pamoja usiku kucha, na asubuhi unakuta mstari ulioanzia 44 ukaishia 53. Je, mgonjwa alipumua kidogo mno au kihisi kiliteleza? Jibu limo kwenye umbo la mstari. Mtu anayepunguza pumzi usingizini huonyesha vilima, hasa katika usingizi wa ndoto, na akiamka namba hushuka. Kihisi kinachoteleza hupanda kwa mstari mnyoofu usiojali kama mtu ameamka au amelala. Rudisha kihisi kwenye gesi ya kalibresheni mara tu kinapobanduliwa: kikisoma gesi hiyo juu kwa 8, sehemu kubwa ya ule mpando ilikuwa ya chombo, na usiku unaweza kurekebishwa kwa kugawa kosa hilo sawasawa kwa saa zote. Tahadhari hii ina uzito, kwa sababu vigezo vya Marekani vinavyotumika sana humhesabu mtu mzima kuwa na upungufu wa kupumua usingizini kaboni dioksaidi yake ikizidi 55 kwa dakika 10 au zaidi, au ikipanda kwa 10 juu ya kiwango cha akiwa macho na kuvuka 50 kwa muda huo huo. Mtelezo wa 8 usiogunduliwa unaweza kumpa mtu mashine ya kumsaidia kupumua usingizini ambayo haihitaji.

Chanzo cha kuteleza karibu daima ni utando au maji yaliyo chini yake. Elektroliti hukauka, utando hukwaruzika au hujikunja ukingoni, na kiputo kikijificha chini yake kihisi huwa kizito na huchelewa. Utazame kwenye mwanga kwa kuuinamisha: utando mzuri ni laini na unang'aa sawasawa kote, usio na mikunjo wala duara la hewa. Watengenezaji hutofautiana juu ya muda wa kuubadilisha, wengine wiki mbili na wengine zaidi ya mwezi, kwa hiyo fuata kitabu cha kifaa chako. Najua kwamba utando mpya ni ghali na huagizwa kutoka mbali, na kwamba wodi nyingi huutumia mpaka ukatae. Ikibidi kuuchelewesha, angalau fanya kalibresheni mara nyingi zaidi na uache kutegemea namba moja moja.

Dalili: namba inarukaruka au haitulii

Kihisi kilichobandikwa sasa hivi huhitaji dakika 10 hadi 20 ngozi ipate joto, na kabla ya hapo hakuna cha kusoma. Ikipita nusu saa bado inayumba, angalia kama maji ya kugusanishia yalikuwa machache hata hewa ikabaki katikati, kisha ukunje waya taratibu karibu na kihisi: namba ikiruka kwa kila mkunjo, waya umekatika ndani na kazi ni ya fundi.

Rangi ya ngozi, na kuungua

Naulizwa mara kwa mara kama kihisi hiki husoma vibaya kwenye ngozi nyeusi. Swali ni la haki, maana utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kipima oksijeni cha kidoleni kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Kipima oksijeni kile hutumia mwanga, na rangi huukata mwanga. Elektrodi ya kaboni dioksaidi hutumia joto na kemia, na gesi inayopenya ngozi haikutani na kizuizi hicho. Ila kifaa chako kikiwa kimeunganisha elektrodi hii na kipima oksijeni cha namna ile, sehemu hiyo ya oksijeni bado inatumia mwanga.

Rangi inatuhusu kwa njia nyingine. Kihisi cha nyuzi 44 kinaweza kuunguza, na vitabu hutuambia tutazame wekundu, ambao kwenye ngozi nyeusi hauonekani kwa urahisi. Gusa kwa mgongo wa kidole: palipoungua huwa pa moto kuliko pembeni hata baada ya robo saa, ngozi huwa ngumu au imeinuka kidogo, na mtoto hujikunja unapopagusa. Hamisha kihisi kila baada ya saa 2 hadi 4 kwenye joto hilo, mapema zaidi kwa njiti au kwa mgonjwa mwenye mzunguko dhaifu. Kwa njiti mdogo sana wengi wetu hushusha joto hadi 41 au chini yake, tukijua kwamba namba itachelewa zaidi na itatofautiana zaidi na damu. Hapo ongeza muda wa kusubiri baada ya kubandika, na uandike kwenye chati joto lililotumika pembeni mwa kila namba, ili atakayeona 58 saa kumi usiku ajue ni 58 ya nyuzi ngapi.